Nani Alichunguze Darasa? Mjadala wa Rangi Tatu

Mwalimu wa kijijini anayesoma kwa masafa huku akiendelea kufundisha hufika mahali akadaiwa utafiti. Asipoufanya hahitimu. Hapo ndipo maneno huanza. Wapo wanaosema utafiti huo ndio unaomfanya mwalimu awe mwalimu kweli, na wapo wanaosema ni mzigo uliotwikwa juu ya mizigo mingine. Mimi nina upande wangu na sitauficha. Naamini mwalimu anapaswa kufundishwa kulichunguza darasa lake, na naamini elimu masafa inaifaa kazi hiyo kuliko chuo cha bweni, kwa sababu haimwondoi mbele ya watoto ambao ndio swali lenyewe. Lakini namna tunavyoifanya kazi hiyo inanitia uchungu, na wanaoipinga wana hoja nzito ambazo hazipewi nafasi ya kutosha.

Mjadala nimeuweka Mbagala kwa makusudi. Rangi Tatu ndipo yanapopakia na kushusha magari ya Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri. Mwalimu wa bonde la Rufiji anayekuja mjini kufanya mtihani au kuonana na msimamizi wake hushuka hapa, akapanda gari jingine kuelekea Chang'ombe, au kwenda mbali zaidi hadi Kinondoni Biafra yaliko makao makuu ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mbagala yenyewe si kijiji, ila shida za darasa la kijijini zimo humu humu, tena zimezidishwa na wingi wa watoto.

Wanaozungumza ni wanne. Mwalimu wa Mbagala ni mama anayefundisha darasa la pili. Mwalimu wa Bondeni ni kijana wa shule ya msingi huko Rufiji, anayesoma shahada kwa masafa. Mkufunzi amefundisha ualimu kwa muda mrefu na sasa anasimamia tafiti za walimu wa mikoani. Mzee Mstaafu aliupata ualimu wake katika mpango wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, akastaafia Temeke. Sauti hizi nimezitunga kutokana na maneno ambayo yeyote anayekaa na walimu ameshayasikia, na sikuzipunguza makali.

MWALIMU WA MBAGALA: Nianze mimi, maana darasa langu ndilo linalosemwa. Haupiti mwaka bila mtu kuja kulitafiti. Wamekuja watu wa mashirika na saa zao, wakapima mtoto anasoma maneno mangapi kwa dakika moja. Wamekuja wanafunzi wa vyuo na hojaji zao, nizijaze leo leo, gari linasubiri. Matokeo sijaletewa hata karatasi moja. Sasa nasikia inatakiwa nijitafiti mwenyewe. Nina watoto zaidi ya mia moja chumba kimoja. Zamu ya asubuhi haijatoka vizuri, ya mchana iko dirishani inasubiri. Tangu elimumsingi iwe bila ada mwaka 2016, wazazi wameleta watoto, na wamefanya vyema kuwaleta, ila vyumba havikuongezeka kwa mwendo huo. Mtoto wa nyuma hasomi kwa sababu ubao hauoni, na kitabu hajawahi kukishika peke yake. Nitafiti nini hapo?

MKUFUNZI: Hicho hicho, mama.

MWALIMU WA MBAGALA: Hicho kinajulikana! Wazazi wanakijua, halmashauri inakijua, mthibiti ubora akija anakiandika kwenye taarifa yake. Kuniambia mimi nikitafiti ni kunibebesha deni lisilo langu. Kesho mtoto akifeli nitaulizwa, "Mwalimu, ulichukua hatua gani darasani?" Hakuna atakayeuliza madawati yako wapi.

Katika yote yanayosemwa dhidi ya mwalimu mtafiti, sijasikia hoja nzito kuliko hii. Upungufu wa vyumba na walimu ukipewa jina la upungufu wa mbinu, lawama huhama kutoka ofisini hadi ubaoni, na mwalimu hujikuta anaandika kwa mkono wake ushahidi wa kumshtaki. Anayetetea utafiti wa darasani bila kuligusa jambo hili hajakutana na walimu. Ndiyo maana sikutaka Mkufunzi awe wa kwanza kujibu.

MWALIMU WA BONDENI: Shikamoo mama.

MWALIMU WA MBAGALA: Marahaba, mwanangu.

MWALIMU WA BONDENI: Mimi nami nilianza na hasira kama yako. Moduli ya utafiti ilinifikia, swali la kwanza likasema chagua tatizo la shuleni kwako. Nikaandika utoro, maana wote wanaandika utoro. Msimamizi akanipigia simu akaniuliza: utoro wa nani, na wa lini? Sikuwa na jibu. Nikachukua daftari la mahudhurio. Daftari lile nalijaza kila asubuhi tangu niajiriwe, na sikuwahi kukaa nikalisoma. Nikaanza kulisoma mwezi kwa mwezi, jina kwa jina. Watoto hawapotei ovyo. Wanapotea kwa mafungu, ndugu na ndugu, mpunga unapoanza kutoa masuke, na wanarudi baada ya mavuno. Kule kwetu familia inahamia mashambani bondeni, inajenga dungu, na mtoto ndiye anayeamia ndege.

MWALIMU WA MBAGALA: Sasa hilo, nani kule asiyelijua?

MWALIMU WA BONDENI: Kwa jumla tunalijua sote. Kwa majina hatukulijua. Nilipoyapanga majina nikakuta baadhi ya niliowaita watoro hawako bondeni kabisa. Wazazi wako bondeni, wao wamebaki kijijini wanalea wadogo zao, na shuleni wanaonekana siku mbili kati ya tano. Hao nilikuwa nawachapa pamoja na wengine. Mwalimu mkuu akakubali tujaribu mambo mawili. Wanaokwenda bondeni tuwaandalie kazi za kuondoka nazo. Waliobaki na wadogo zao tuwaruhusu waje nao, wakae nao darasa la awali. Kazi za bondeni zilirudi nusu nusu, na baadhi ya madaftari yalirudi yameloa. La wadogo lilifanikiwa kuliko tulivyotegemea.

MZEE MSTAAFU: Kiboko uliacha?

MWALIMU WA BONDENI: Kwa hao, niliacha. Ningewezaje kuendelea nikishajua?

Yeyote anayetaka kujua utafiti wa darasani ni nini atazame hapo kwenye daftari la mahudhurio. Hakuna kifaa kilichonunuliwa wala takwimu iliyohitaji mtaalamu. Kuna kumbukumbu iliyokuwa kabatini, swali lililonolewa na mtu wa mbali kwa simu, na mwalimu aliyebadili alichokuwa akifanya. Kijana huyu angechukuliwa miaka miwili akakae bweni mjini, daftari hilo angeliacha nyuma, na utafiti wake ungekuwa wa kukisia.

MWALIMU WA MBAGALA: Sawa, yako imekwenda vizuri. Una watoto wangapi?

MWALIMU WA BONDENI: Wachache kuliko wako, mama. Hilo siwezi kubisha.

MZEE MSTAAFU: Mwalimu, ngoja nikuulize wewe. Darasa la pili, mtoto anasimama anakusomea ukurasa mzima bila kukosea. Unajuaje kama anasoma au amekariri?

MWALIMU WA MBAGALA: Hilo ni dogo. Namfunika picha. Nikiwa bado nashuku, nachukua maneno ya ukurasa ule ule nayaandika ubaoni kwa kuyachanganya, la mwisho linakuwa la kwanza. Mtoto aliyekuwa anatiririka ananyamaza kimya, ananitazama. Wengine wanaendelea kusema ule ukurasa wa kitabuni wakati ubaoni kuna kitu kingine.

MKUFUNZI: Ni wangapi wa namna hiyo?

MWALIMU WA MBAGALA: Wengi.

MKUFUNZI: Wangapi?

MWALIMU WA MBAGALA: Sijahesabu.

MKUFUNZI: Mama, umeshafanya sehemu ngumu ya utafiti, umebuni kipimo chako. Ukihesabu utapata fungu la watoto wanaojua sauti za herufi lakini hawaziungi, na utakuta wengine herufi zenyewe hawazijui. Dawa ya hawa si dawa ya wale.

MWALIMU WA MBAGALA: Na muda wa kuwagawa mafungu mawili nautoa wapi? Mkufunzi, ukinipa dakika kumi na tano nje ya ratiba, ninyang'anye na somo moja. Huwezi kuongeza tu.

Mama yuko sahihi kabisa hapo, na Mkufunzi alipaswa kukubali mara moja badala ya kutafuta maneno. Mafunzo yoyote ya kazini yanayotegemea muda wa usiku wa mwalimu yatafanikiwa kwa wachache wenye moyo wa chuma, kisha tutawataja hao wachache kama ushahidi kwamba inawezekana. Mwalimu anayetafiti apunguziwe vipindi. Halmashauri isiyoweza kumpunguzia hata vipindi viwili kwa wiki isimdai utafiti.

MZEE MSTAAFU: Mimi nataka kusema juu ya hii elimu ya mbali, maana mnaizungumza kama jambo jipya. Azimio la Musoma lilipita Novemba 1974, likasema kufikia Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa. Walimu wangetoka wapi? Vyuo visingetosha hata kidogo. Tukachukuliwa sisi, vijana tuliomaliza darasa la saba, tukapelekwa shule za vijijini. Sehemu ya siku tunafundisha, sehemu iliyobaki tunasoma masomo yaliyochapwa na kusikiliza vipindi vya redio, na kuna mkufunzi anayetusimamia. Miaka mitatu. Mwishoni tukaitwa chuoni kwa wiki chache kumalizia. Zaidi ya 30,000 tulifuzu kwa njia hiyo. Taifa liliwahi kuona kitu kikubwa namna hiyo katika ualimu?

MWALIMU WA MBAGALA: Na watu wakawabeza, Mzee wangu. Kosa lolote la mwalimu likawa "huyo wa UPE". Miaka ya 2000 wenzetu waliopikwa haraka haraka wakaitwa vodafasta.

MZEE MSTAAFU: Walitubeza, ndiyo. Jina lile liliniuma mpaka nastaafu.

MKUFUNZI: Halafu waliopima hawakukuta kilichosemwa mitaani. Mwaka 1989 taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu iliyoko Paris ilichapisha utafiti wa Mählck na Temu, uliolinganisha walimu wa Tanzania waliofunzwa kwa masafa na waliotoka vyuoni. Hawakukuta pengo kubwa kati yao. Kila upande ulikuwa na mahali ulipozidi na mahali ulipopungua.

MZEE MSTAAFU: Nashukuru kusikia. Lakini mimi mwenyewe nitakwambia tulichopungukiwa. Tulifundishwa kutekeleza. Andalio la somo liwe hivi, azimio la kazi liwe vile, wimbo wa kuhesabu ni huu hapa. Hakuna somo hata moja lililotuuliza, "Wewe uliye hapo kijijini, umeona nini?" Na tuliona mambo! Niliona watoto wanaotoka kwenye nyumba za uvuvi wanajumlisha kichwani kuliko mimi, lakini ubaoni wanashindwa. Nilikaa na jambo hilo miaka yote ya kazi. Sikujua kwamba lingeweza kuwa swali la kuandikwa. Nimestaafu nalo.

MWALIMU WA MBAGALA: Pole, Mzee.

MZEE MSTAAFU: Ndiyo maana nasema huyu kijana afundishwe. Njia ile ile iliyonifundisha kutii inaweza kumfundisha yeye kuuliza. Karatasi ni ile ile, redio imekuwa simu. Kilichobadilika ni swali lililoandikwa kwenye karatasi.

Maneno ya Mzee yamenigusa zaidi ya takwimu. Tumezoea kuuliza kama mwalimu wa masafa anaweza kufundisha sawa na wa chuoni, na swali hilo lilishajibiwa vya kutosha zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Hasara tusiyoihesabu ni yale maswali yaliyostaafu pamoja na wenyewe. Mtoto wa mvuvi anayekokotoa bei ya dagaa kichwani na kushindwa jumla hiyo hiyo ubaoni ni jambo ambalo watafiti wa Brazili waliliandika miaka ya 1980 juu ya watoto wa mitaani wauzao nazi, na maandishi yao yakasomwa dunia nzima. Pwani yetu ilikuwa na mwalimu aliyeliona kwa macho yake.

MWALIMU WA MBAGALA: Mimi bado nina shaka na asili yake. Leo tunaambiwa mwalimu mtafiti, jana tuliambiwa ufundishaji shirikishi, kesho litakuja jingine. Mradi ukiisha na posho ikiisha, na neno lenyewe linakufa.

MKUFUNZI: Miradi kufa, nakubali. Asili, nakataa. Ni kweli Kurt Lewin aliandika juu ya utafiti wa namna hii kule Marekani mwaka 1946, na Lawrence Stenhouse wa Uingereza akasema katika kitabu chake cha 1975 kwamba mtaala hauendelei bila mwalimu anayechunguza kazi yake mwenyewe. Lakini miaka hiyo hiyo ya 1970 hapa Dar es Salaam kulikuwa na mjadala mkali zaidi. Marja-Liisa Swantz kutoka Finland, aliyekuwa ameishi na Wazaramo wa Bunju, alianza kukataa utafiti wa mtu kuja na hojaji na kuondoka nayo. Mwaka 1975 yeye na wenzake wa Kitanzania wakaanzisha mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, wanakijiji wakashiriki kuchunguza maisha yao wenyewe. Budd Hall naye alikuwa pale Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima akifikia mawazo hayo hayo. Huu utafiti shirikishi unaofundishwa vyuo vikuu vya duniani una mizizi yake hapa pwani. Wewe mama, unapolalamika kwamba matokeo hayarudi, unarudia hoja yao neno kwa neno.

MWALIMU WA MBAGALA: Basi mbona hawakutubakizia?

MKUFUNZI: Hilo ni swali la haki.

Na jibu lake liko karibu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikisha masomo ya redio kwa watu wazima wapatao milioni mbili. Ilikuwa elimu ya mbali, lakini hakuna aliyetakiwa kusikiliza peke yake. Watu walikaa kwa vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi na kijitabu, kipindi kikaisha wakajadili, wakaenda kuchimba choo au kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Tulichokipoteza ni kile kikundi. Elimu masafa ya leo, pamoja na intaneti yake, mara nyingi humwacha mwalimu peke yake na faili kwenye simu, bando likikaribia kuisha.

MWALIMU WA BONDENI: Ni kweli tupu. Tuna grupu la WhatsApp la walimu tunaosoma pamoja, tumo wengi. Kinachopita humo ni tarehe za mitihani na "jamani nani ana mfano wa sura ya tatu". Hakuna anayeuliza mwenzake ameona nini darasani.

MKUFUNZI: MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, ilikusudiwa kuziba pengo hilo. Walimu wa shule moja wana jumuiya ya kujifunza, wanakutana shuleni kwao, wanachagua changamoto, wanaandaa somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanatazama watoto. Wajapani wamefanya hivyo kwa muda mrefu, na Zambia imekuwa ikifanya tangu 2005. Moduli ziko kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 walipewa walimu.

MWALIMU WA MBAGALA: Kishikwambi ninacho. Jumuiya tunayo. Lakini wewe unajua na mimi najua, kikao kikibanwa na muda tunasaini mahudhurio tunaondoka.

MWALIMU WA BONDENI: Na utafiti wangu wa chuo hauhusiani na kikao hicho hata kidogo. Huku MEWAKA, kule shahada. Mwalimu yule yule, darasa lile lile, makaratasi mbalimbali.

Hapa ningependa wahusika wasimame kwa muda. Tuna mpango wa kitaifa unaowakutanisha walimu shuleni kwao, na tuna vyuo vya masafa vinavyowadai walimu hao hao utafiti. Mpango mmoja una watu ila hauna swali linalofuatiliwa hadi mwisho; mwingine una swali ila umemtenga mtu. Sioni kinachozuia kuiunganisha. Utafiti wa mwalimu wa masafa ufanyikie ndani ya jumuiya ya shule yake, wenzake watatu wanne wakiwa mashahidi na wasaidizi wake, na msimamizi wa chuo azungumze nao wote kwa simu moja iliyowekwa mezani. Wasiokuwa chuoni nao watafaidika.

Kuna jambo jingine linalonikera, nalo halisemwi kwa sauti.

MWALIMU WA BONDENI: Steshenari.

MKUFUNZI: Ndiyo. Lisemwe.

MWALIMU WA BONDENI: Unakwenda kutoa kopi, unakuta mtu ana kompyuta, anakuuliza, "Utafiti umeshafanya?" Anakutajia bei. Unampa kichwa cha habari na jina la shule, baada ya siku chache unapewa sura tano zimejalidiwa, zina majedwali na asilimia za watu wasiokuwapo. Wenzangu wamenunua. Siwacheki. Mwalimu ana vipindi vya wiki nzima, ana watoto wake, karo ameikopa, na anachosubiri ni kubadilishiwa muundo apate mshahara wa shahada. Anaona bora anunue amalize.

MZEE MSTAAFU: Na chuo hakijui?

MKUFUNZI: Tunajua zaidi ya tunavyoweza kuthibitisha. Nimesoma kazi iliyosema walimu kadhaa walihojiwa, katika shule ambayo nafahamu haina walimu idadi hiyo. Nikimuuliza mwanafunzi kwa simu anakata. Kosa ni lake, lakini nasi tumemtega. Tumemwomba kitu kinachoweza kuandikwa na mtu ambaye hajakanyaga shuleni kwake. Sura ya pili ni ya maandiko ya wengine, na ndiyo ndefu kuliko zote. Sampuli, fomula ya kutafuta sampuli, wakati darasa ni moja na watoto wote anao. Na lugha ni Kiingereza. Mtoto kamwambia mwalimu wake kwa Kiswahili kwa nini haji shule, mwalimu anafundisha kwa Kiswahili, mzazi kajibu kwa Kiswahili, halafu vyote vinavushwa kwa shida kwenda lugha ambayo kamati ya shule haitaisoma kamwe.

MWALIMU WA BONDENI: Na kibali, Mkufunzi. Ili nilisome daftari langu la mahudhurio kwa ajili ya utafiti, barua ilitoka chuo kwenda mkoani, mkoani kwenda wilayani, wilayani kwa Mkurugenzi, kisha ikashuka kwa mwalimu mkuu wangu, ambaye kila asubuhi anasaini daftari hilo hilo.

Kibali kina sababu yake. Watoto wanapaswa kulindwa, na mtu wa nje hapaswi kuingia darasani atakavyo. Lakini mwalimu si mtu wa nje. Mwalimu mkuu na kamati ya shule, ambamo wazazi wamo, wanatosha kumruhusu achunguze kazi yake, kwa masharti ya kutotaja majina ya watoto anapoandika. Na lugha ya ripoti iwe Kiswahili kwa mwalimu wa shule ya msingi anayetaka hivyo. Hili si la kusubiri sera kubwa. Vyuo vikuu vyetu vinapokea tasnifu za Kiswahili katika idara za Kiswahili, na wasimamizi wa elimu wanaoweza kuzisoma wapo.

MKUFUNZI: Mtahini wa nje atasema kiwango kimeshuka.

MZEE MSTAAFU: Kiwango cha nini?

MKUFUNZI: Cha uandishi wa kitaaluma, Mzee. Shahada ni shahada. Anayehitimu kwa masafa akidharauliwa cheti chake, sisi ndio tutakuwa tumemwumiza. Wewe mwenyewe umesema jina la UPE lilikuuma.

Hofu hiyo ni ya kweli na siidharau. Ila namna ya kuipima kazi hii ipo. Mwalimu asimame shuleni kwake, mbele ya wenzake, Afisa Elimu Kata na wajumbe wa kamati ya shule, aeleze alichokiuliza, alichokihesabu, alichokibadilisha, na kilichotokea baada ya kubadilisha. Msimamizi asikilize, kwa simu kama hawezi kufika. Kisha nusu ya alama zitolewe kwa duru ya pili: baada ya jaribio la kwanza kushindwa au kufaulu, ulifanya nini tena? Muuza sura tano hawezi kuiuza duru ya pili, kwa sababu mzazi aliyekaa kwenye benchi atauliza mtoto wake alikuwa kundi lipi. Kujibu maswali ya watu hao ni kugumu kuliko kujibu ya mtahini wa nje.

MWALIMU WA MBAGALA: Hapo sasa naanza kuelewana nanyi. Lakini nina sharti, na bila hilo sitashika kalamu. Nitahesabu wale watoto wanaokariri. Nitawagawa, na kama mtanipunguzia vipindi nitawafundisha kwa mafungu muhula mzima. Nitaandika kilichotokea. Tuseme nimefanya yote hayo, na jedwali linaonyesha kwamba waliokaa mbele wamepanda na wa nyuma hawakupanda, kwa sababu chumba ni kimoja na vitabu ni vile vile. Jedwali hilo linakwenda wapi?

MKUFUNZI: Linakuja kwangu.

MWALIMU WA MBAGALA: Wewe hujengi madarasa.

MKUFUNZI: Linakwenda kwa Afisa Elimu Kata, naye anapeleka halmashauri.

MWALIMU WA MBAGALA: Na halmashauri itanijibu kwa maandishi? Nataka iandikwe kwenye hiyo moduli kwamba mwalimu akifikisha matokeo yanayohusu chumba, madawati au idadi ya walimu, anajibiwa ndani ya muda uliotajwa, hata kama jibu ni kwamba fedha hakuna.

MKUFUNZI: Naweza kuliandika kwenye moduli. Kuwalazimisha halmashauri siwezi.

MWALIMU WA BONDENI: Barua ya kibali iliyonishukia ilisainiwa na ofisi tatu, Mkufunzi. Barua ya majibu nayo ishukie ngazi hizo hizo.

MWALIMU WA MBAGALA: Kalipate hilo kwanza. Mimi kuhesabu naanza Jumatatu.